Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kijana Anapoitwa Kusaini Timu

Ninyi wa Mwanza mjini, na ninyi wa Magu, Misungwi, Sengerema na visiwa vya Ukerewe, mliokaa pamoja na mwalimu wenu mkitusikiliza, fungueni madaftari yenu. Aliyesahau kalamu aazime kwa jirani.

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne, nasi tuyasome kwa sauti, polepole:

M-KA-TA-BA.
SA-HI-HI.
MA-JA-RI-BI-O.
U-HA-MI-SHO.

Vizuri. Mkataba ni mapatano ya watu wawili au zaidi, yenye nguvu mbele ya sheria. Sahihi ni jina lako uliloandika kwa mkono wako ili kuonyesha kwamba umekubali. Asiyejua kuandika huweka alama ya dole gumba, na alama hiyo humfunga kama sahihi. Majaribio ni siku ambazo timu humtazama mchezaji kabla ya kumchukua. Uhamisho ni kutoka timu moja kwenda nyingine.

Mtaniuliza, "Bwana Elimu, sisi ni wakulima, wavuvi na wauza samaki. Mambo ya mpira yanatuhusu nini?" Yanawahusu, kwa sababu wachezaji ni watoto wenu. Kila jioni, kuanzia Igoma hadi Kirumba, vijana wanacheza chandimu. Mmoja wao ana kipaji. Siku moja atarudi nyumbani na karatasi mkononi, na wewe mzazi utaulizwa, "Unakubali?" Somo la leo ni la siku hiyo.

SEHEMU YA KWANZA: ANAYEITWA NA ANAYEBISHA HODI

Huko Marekani wana desturi yao. Katika michezo mikubwa kama kikapu, kuna wakati kila mwaka ambapo timu za kulipwa hukutana ili kuchagua vijana, wengi wao kutoka vyuo vikuu. Timu huchagua kwa zamu: wa 1, wa 2, wa 3, mpaka nafasi ziishe. Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyekuwa akicheza kikapu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, aliitwa wa 2 mwaka 2009, akachukuliwa na timu ya Memphis Grizzlies. Lakini wako vijana wengi wenye kipaji ambao wakati ule hupita na majina yao hayatajwi. Hao hawana budi kwenda wenyewe kubisha hodi kwenye timu, na kuomba majaribio. Wengine hufaulu, wakasaini, na wakawapita walioitwa kwanza.

Kwetu katika mpira wa miguu hakuna utaratibu wa namna hiyo. Hakuna anayesimama na orodha na kuita majina. Kwa hiyo kila mchezaji wa Tanzania ni kama yule ambaye jina lake halikuitwa. Anabisha hodi.

Tuchukue mfano wa mtoto wa hapa hapa kwetu, Mrisho Ngassa. Alizaliwa Mwanza mwaka 1989. Baba yake, Khalfan Ngassa, alipata kuichezea Pamba ya Mwanza, timu ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la TP Lindanda. Mrisho alichezea Kagera Sugar, kisha Yanga ya Dar es Salaam, na mwaka 2010 akahamia Azam. Katika Taifa Stars alifunga mabao mengi kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa wafungaji wakubwa katika historia ya timu hiyo.

Mwaka 2009 alikwenda London kufanya majaribio katika timu ya West Ham. Hakusajiliwa. Mwaka 2011 akaenda Marekani, katika timu ya Seattle Sounders, naye akapewa nafasi ya kucheza katika mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United. Huko nako hakusajiliwa. Je, alikata tamaa? La. Mwaka 2015 alisaini Free State Stars ya Afrika Kusini, na baadaye akaichezea Fanja ya Oman.

Mbwana Samatta hakwenda kubisha hodi mbali. Mwaka 2011 alikuwa Simba. Simba ilipokutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya Afrika, Mazembe walimwona uwanjani, wakamsajili. Mwaka 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mlango wake ulifunguliwa na mechi moja aliyocheza vizuri mbele ya watu waliokuwa wakitazama.

Basi twaona njia mbili: kwenda kwenye majaribio, au kuonekana katika mechi. Lakini njia zote mbili huishia mahali pamoja. Huishia kwenye meza yenye karatasi na kalamu.

SEHEMU YA PILI: KARATASI INASEMA NINI?

Tuwaze mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni. Ana mtoto wa kiume wa miaka 16. Jioni mtoto anaingia, anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimepata timu! Weka dole gumba hapa. Gari linaondoka kesho alfajiri."

"Gari likiondoka litakuja jingine. Nisomee kwanza."

"Inasema nitalipwa, mama."

"Utalipwa kiasi gani, na lini?"

Mtoto akanyamaza. Hakuwa amesoma.

Mama huyu hajui kusoma, lakini ameuliza kama msomi. Tumsaidie kuuliza maswali yaliyobaki. Yaandikeni.

Swali la 1: Mkataba ni wa muda gani? Sheria za FIFA, chama kikuu cha mpira duniani, zinasema mkataba wa mchezaji wa kulipwa usizidi miaka 5. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa zaidi ya miaka 3. Tafuteni tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Karatasi isiyo na tarehe hizo irudishwe ikajazwe.

Swali la 2: Mshahara ni kiasi gani, na unalipwa tarehe ngapi? Fedha za kusaini ni kitu kimoja, hutolewa mara moja. Mshahara ni kitu kingine, huja kila mwezi. Wengi hudanganyika na bahasha ya siku ya kwanza, wakasahau kuuliza habari za mwezi wa 5.

Swali la 3: Akiumia, nani atamtibu? Atalala wapi, atakula wapi? Ahadi ya mdomo ni nzuri, lakini iandikwe. Kumbukeni pia kwamba timu inapaswa kumpima mchezaji afya kabla ya kusaini. Kwa sheria za FIFA, mkataba uliokwisha kusainiwa hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu kipimo cha daktari.

Swali la 4: Je, ana umri wa kutosha? Kwetu mtu mzima ni mwenye miaka 18. Aliye chini ya hapo, mzazi au mlezi wake lazima ahusike. Tena kwa kawaida FIFA haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamia timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika sheria zake. Mtu akikuambia, "Nipe mtoto wako wa miaka 15 nimpeleke ng'ambo akacheze mpira, nipe na nauli," usimpe mtoto, wala usimpe nauli. Nenda kwanza ofisi ya chama cha mpira cha mkoa ukaulize.

Swali la 5: Je, amekwisha saini kwingine? Hapa turudi kwa Ngassa. Mwaka 2012 alikwenda Simba kwa mkopo kutoka Azam. Mwaka 2013 alirudi Yanga, na Simba wakasema wana mkataba naye. Kamati ya shirikisho la mpira iliamua afungiwe mechi 6, na arudishe fedha za Simba pamoja na fidia, jumla shilingi milioni 45. Hatumtaji ili kumcheka. Ni mchezaji aliyetupa sifa. Tunamtaja ili mwone kwamba hata mchezaji mkubwa anaweza kunaswa na karatasi. Mchezaji ana ruhusa ya kusaini timu mpya ikiwa mkataba wake wa zamani umekwisha, au umebakiza miezi 6 au pungufu. Kusaini mara mbili kwa muda ule ule ni kosa.

Na timu isipolipa, je? Hapa wanafunzi sikilizeni vizuri. Sheria za FIFA zinasema timu isiyolipa mishahara ya miezi 2 bila sababu ya haki, mchezaji aweza kuuvunja mkataba. Lakini kwanza awape taarifa kwa maandishi, na awape muda wa siku zisizopungua 15 walipe deni. Je, mmesikia? Kwa maandishi. Siyo kwa kulalamika kijiweni, wala kwa kupiga simu. Aandike barua, atie tarehe, na abaki na nakala. Asiyeweza kuandika barua hiyo atabaki na njaa yake na haki yake.

SEHEMU YA TATU: HESABU KIDOGO

Timu za mitaani nazo zina haki. Mchezaji anapouzwa nchi za nje kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa timu zilizomlea tangu mwaka wa miaka 12 hadi wa 23. Tuseme ada ni shilingi 100,000,000. Asilimia 5 yake ni shilingi 5,000,000.

Katika fungu hilo, kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 hupata asilimia 5 ya fungu. Kila mwaka kati ya 16 na 23 hupata asilimia 10. Timu iliyomlea kwa miaka 4, kuanzia 12 hadi 15, itapata asilimia 20 ya fungu. Asilimia 20 ya 5,000,000 ni shilingi 1,000,000. Kwa fedha hiyo timu ya mtaa hununua mipira na jezi.

Lakini timu haipati kitu ikiwa mchezaji hakuandikishwa kwa jina, umri na msimu. Ndiyo maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MANENO YA MWISHO

Nataka niwaambie jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 19 nilicheza winga ya kulia. Viongozi wa timu moja, sitaitaja, walinifuata uwanjani jioni, gari lao likinguruma. Karatasi iliwekwa juu ya boneti, nikapewa kalamu. Nilijua kusoma, tena nilikuwa nimemaliza sekondari. Sikusoma. Niliona haya kuwaweka wakubwa wakingoja. Nilidhani nimesaini miezi 6. Kumbe ni miaka 3. Malipo yalikoma mwezi wa tatu, na timu nyingine iliponitaka niliambiwa, "Karatasi yako iko kwetu." Sikujua kwamba ningeweza kuandika barua. Misimu 2 ilipita nikiwatazama wenzangu wakicheza, mpaka miguu ikawa mizito. Nikarudi shule, na hivyo ndivyo nilivyofika mbele ya kipaza sauti hiki.

Sisikitiki kuwa mwalimu. Lakini nimejua kwamba kujua kusoma ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine. Ninyi mnaojifunza herufi ukubwani mnaithamini kila karatasi. Msiipoteze tabia hiyo. Mkiletewa mkataba, wa mpira, wa shamba, wa mkopo au wa mtumbwi, semeni hivi bila haya: "Niachie nilale nao. Kesho nitakujibu." Mwenye nia njema atangoja. Asiyetaka kungoja, hiyo ndiyo habari yake.

MASWALI YA DARASANI

1. Andika sentensi moja yenye neno "mkataba".
2. Mchezaji wa miaka 17 aweza kufungwa kwa mkataba wa miaka mingapi, isizidi?
3. Timu haijalipa mishahara ya miezi 2. Mchezaji afanye nini kwanza?
4. Ada ya uhamisho ni shilingi 40,000,000. Asilimia 5 yake ni shilingi ngapi?
5. Mzungumze: kama ungekuwa yule mama wa Mwaloni, ungeuliza nini zaidi?

Kwa kazi ya nyumbani, kila mmoja aandike jina lake kamili mara 10, kwa mwandiko ule ule mmoja. Hiyo ndiyo itakuwa sahihi yako. Itunze, na usiigawe ovyo.

Kwaherini wanafunzi, hadi somo lijalo.