Upara wa Ujanani: Kijana na Kofia Yake

Eldoret ni mahali pa baridi. Jiji hilo limejengwa katika mwinuko wa kadiri ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa Julai mtu akivaa kofia ya sufu hakuna amwulizaye sababu. Lakini ifikapo saa sita, jua linapowaka juu ya Barabara ya Uganda na watu wote wamekwisha kuvua makoti yao, wako vijana ambao kofia zao hazivuliwi. Hao hawakuzivaa kwa ajili ya baridi.

Na achukuliwe mmoja wa vijana wa namna hiyo awe mfano. Umri wake ni miaka 25. Kazi yake ni ukarani katika duka la mbegu na mbolea. Na wazazi wake ni wakulima wa mahindi upande wa Moiben. Alipokuwa na miaka 21 aliona kwamba nywele za pembeni mwa paji la uso zimerudi nyuma. Alipofikia miaka 23, ngozi ya utosini ilianza kuonekana. Siku moja mteja aliyemzidi umri alimwita "Mzee," na wenzake dukani wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo hakuvua kofia tena. Huivaa kazini, huivaa ndani ya matatu, huivaa hata mezani akila. Kanisani hapana budi kuivua. Kwa hiyo amechagua kuketi safu ya nyuma kabisa, na Jumapili nyingine haendi.

Sasa linamkabili jambo zito zaidi. Kaka yake ataoa, na siku ya koito jamaa wote watakwenda kwa wakwe kuzungumza habari za mahari. Mbele ya wazee kofia haitakaa kichwani. Kijana huyo anafikiri kutafuta udhuru ili asiende.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini fadhaa iliyomo ni ya watu wengi, na aghalabu huzidishwa na kutojua. Yafaa basi jambo lenyewe lielezwe kwa utaratibu.

NYWELE HUOTA KWA MISIMU

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele hutoka katika kishimo chake chini ya ngozi, na kila kishimo kina misimu yake, kama shamba. Upo msimu wa kukua, ambao huchukua miaka miwili hadi sita, na unywele hurefuka karibu sentimita moja kila mwezi. Kisha huja msimu wa mapumziko wa miezi ipatayo mitatu, unywele wa zamani ukaanguka na mpya ukachipuka. Kwa hiyo mtu kupoteza nywele 50 hata 100 kwa siku si ugonjwa.

Upara wa kawaida wa wanaume huja pale ambapo vishimo vya mbele na vya utosini vinaanza kudhoofika. Mkulima aonaye shamba lililochoka, ambalo kila mwaka hutoa magunzi madogo kuliko ya mwaka uliopita, atafahamu mara moja. Msimu wa kukua hufupika, kishimo hupungua, na unywele unaotoka huwa mwembamba zaidi, hata mwishowe ni malaika tu usioonekana. Vishimo vya pembeni na vya kisogoni haviguswi; ndiyo sababu wazee wengi wenye upara husaliwa na nywele mfano wa ukanda kuzunguka kichwa.

URITHI WA MJOMBA

Kinachodhoofisha vishimo hivyo kilianza kufahamika katika mwaka 1942. Mtaalamu wa Marekani, James B. Hamilton, alichunguza wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe, akaona kwamba hawapati upara. Lakini walipopewa homoni ya kiume, wale ambao jamaa zao walikuwa na upara walianza kupoteza nywele. Hivyo ikajulikana kwamba mambo mawili hushirikiana: homoni na urithi.

Mwaka 1974 jambo la pili lilidhihirika. Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika habari za jamaa fulani katika Jamhuri ya Dominika ambao miili yao haikuweza kugeuza homoni ya kiume, yaani testosteroni, kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi iitwayo dihidrotestosteroni. Wanaume hao hawakupata upara, na tezi zao za kiume zilibaki ndogo. Kumbe hiyo homoni ya pili ndiyo ifinyayo vishimo vya nywele.

Yapasa kuangaliwa vema kwamba mwenye upara hana homoni ya kiume nyingi kuliko wenziwe, wala hana pungufu. Tofauti imo katika vishimo vyake, ambavyo kwa urithi huathirika upesi. Kwa hiyo wasemao kwamba upara ni alama ya nguvu nyingi za kiume wamekosea, na wasemao ni alama ya udhaifu wamekosea vilevile.

Urithi huo hutoka pande zote mbili za ukoo. Hata hivyo, sehemu yake moja iliyo kubwa hutoka kwa mama, na ndiyo sababu kijana mara nyingi hukifananisha kichwa chake na cha mjomba kuliko cha baba. Watu wa Ulaya hupata upara zaidi. Kati yao karibu nusu ya wanaume huwa na dalili zake wafikapo miaka 50. Waafrika huupata kwa uchache zaidi, walakini huupata, na wako wanaoanza kabla ya kufikia miaka 20.

Kofia haileti upara. Wembe hauleti upara, wala maji ya baridi. Bali kusuka nywele kwa kuzivuta sana mwaka baada ya mwaka huweza kuziharibu kabisa kwenye pindo la kichwa, na vijana wa kiume wanaopenda misuko na walikumbuke jambo hilo.

SI KILA UPARA NI HUO

Kabla ya kununua dawa yoyote, mwenye kupoteza nywele na aonwe na mganga wa hospitali, kwa maana sababu ni nyingi. Mapunye ni ugonjwa wa ukungu unaoambukiza, hasa kwa watoto, na hutibika kwa dawa za kumeza. Nywele zikitoka kwa mabaka ya mviringo, ngozi ikabaki laini, huenda ni kinga ya mwili inayoshambulia nywele zake yenyewe. Mara nyingi huota tena. Kaswende nayo huweza kutoboa nywele hapa na pale kama nguo iliyoliwa na nondo. Ugonjwa wa tezi ya shingoni na upungufu wa madini ya chuma hupunguza nywele pia. Na mtu aliyeugua homa kali aweza kuona nywele zikimwagika miezi miwili au mitatu baada ya kupona. Huyo na asubiri, zitarudi.

Huko Eldoret mtu anaweza kuanzia katika zahanati iliyo karibu naye, na ikihitajika akapelekwa kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi hufundishwa.

DAWA ZA KWELI NA ZA UONGO

Sokoni na kandokando ya vituo vya matatu huuzwa chupa nyingi zenye ahadi nyingi. Mafuta ya nyonyo hulainisha nywele zilizopo, lakini hayafufui kishimo kilichokufa. Maji ya vitunguu hayajathibitika kuponya upara wa urithi. Muuzaji akiahidi nywele mpya kwa wiki mbili, msimu wa nywele wenyewe unamsuta.

Dawa zilizothibitishwa kwa majaribio ni chache. Ya kwanza ni minoxidil. Hapo mwanzo ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, nayo ilikubaliwa Marekani mwaka 1979. Madaktari wakaona wagonjwa wao wanaota nywele usoni na mikononi. Ndipo ikatengenezwa dawa ya kupaka kichwani, iliyokubaliwa mwaka 1988. Hupasa kupakwa kila siku kwa miezi minne au sita kabla ya matokeo kuonekana, na mwanzoni nywele huweza kupungua zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo amwulize daktari kwanza.

Ya pili ni kidonge cha finasteride, kilichotokana na uchunguzi ule wa Dominika. Kilikubaliwa mwaka 1992 kwa ugonjwa wa tezi dume, na mwaka 1997, kwa kipimo kidogo, kwa upara. Watumiaji wachache hupungukiwa na hamu ya ndoa au huingiwa na huzuni. Na mama mja mzito asishike kidonge kilichovunjika, kwani kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Hiki si kitu cha kununua bila cheti cha daktari.

Dawa hizo mbili husaidia zaidi akianza mtu mapema, na hufanya kazi maadamu zinatumika. Akiacha, baada ya miezi kadhaa hurudi pale ambapo angekuwa. Kijana mwenye mshahara mdogo na apige hesabu ya miaka, asipige hesabu ya mwezi mmoja.

Upo pia upasuaji wa kuhamisha nywele za kisogoni na kuzipanda mbele, ulioanzishwa New York na daktari Norman Orentreich mwaka 1952. Gharama yake ni kubwa. Tena nywele za Mwafrika zimejipinda hata chini ya ngozi, kwa hiyo hutaka fundi aliyezizoea. Na mtu ambaye makovu yake hufura na ajihadhari.

UVUMI UNAOUA

Katika nchi nyingi za Afrika husemwa kwamba kipara ni dalili ya mali. Neno hilo husemwa kwa kucheka, lakini si siku zote ni kicheko. Mwezi wa Juni mwaka 2017, polisi wa Msumbiji walitoa onyo baada ya wanaume wenye vipara kuuawa katika wilaya ya Milange, kwa sababu ya imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu au kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kichwa chenye upara kina ngozi, mfupa na ubongo, kama vichwa vyote. Mzazi amsikiapo mtoto akirudia uvumi huo na amkataze.

Aibu nayo si jambo la leo. Julius Kaizari, aliyetawala Rumi, alichukizwa sana na upara wake, na mwandishi Suetonio asimulia kwamba katika heshima zote alizopewa, aliyoifurahia kuliko nyingine ilikuwa ruhusa ya kuvaa taji la majani siku zote, maana lilimfunika. Hata mtawala wa majeshi alikuwa na kofia yake.

WEMBE NA JUA

Wengi waliochoka kuficha huamua kunyoa kichwa chote. Ni shauri jema na rahisi, ila lina masharti. Mashine ya kinyozi ikigandamizwa mno, nywele zilizojipinda huweza kuudhi ngozi, vipele vikatokea kisogoni; vikiachwa huwa makovu magumu, na penye kovu nywele haziti tena. Vipele vikianza, mtu aache kunyoa hadi ngozini, aende hospitali mapema. Tena mashine yenye damu ya mtu mwingine huweza kueneza homa ya ini. Hapana adabu iliyovunjwa kwa kumwambia kinyozi aisafishe kwa dawa kwanza.

Jua la Eldoret, karibu na ikweta na mahali pa juu, huchoma hata siku ya baridi. Kofia pana shambani ni busara, na kwa mwenye ulemavu wa ngozi ni lazima. Hiyo ndiyo kofia yenye sababu njema.

SIKU YA KOITO

Yule kijana wa mfano na arudiwe. Hakutoa udhuru. Jumamosi moja kabla ya siku yenyewe alikwenda kumwamkia mjomba wake, ndugu wa mama, mkulima ambaye kichwa chake kimeng'aa tangu ujana. Walipokwisha kunywa chai, kijana akakaza moyo akauliza, "Mjomba, ulipokwenda kuposa, nywele zako zilikuwa zimekwisha kutoka?"

Mzee akacheka. "Zilikuwa zimekwisha, mpwa wangu. Lakini kwa wakwe sikuulizwa nywele, niliulizwa ng'ombe. Na baada ya ng'ombe niliulizwa kama sinywi pombe."

Kijana alirudi mjini akaingia kwa kinyozi, akasubiri mashine isafishwe, akanyolewa chote. Siku ya koito aliketi kati ya jamaa zake, mjomba upande wa kulia, vichwa viwili vya namna moja. Wahenga walisema kwamba ukiona mwenzio ananyolewa, nawe tia maji. Watakaofuata katika ukoo ule watajua mapema ni maji gani ya kutia: kuuliza, kupimwa, kuchagua, na kisha kuendelea na kazi.