Barafu ya nyumbani: Tazama maji kabla ya mashine

MSIMU wa kaskazi unapofika na joto la pwani kuwafukuza watu ndani ya nyumba, hakuna kitu kinachotafutwa Mombasa kama barafu. Pita Majengo, Kisauni au Likoni alasiri ya mwezi wa Januari na utawakuta watoto wametumwa, jagi mkononi, kwenda kwa jirani mwenye friza. Na Ramadhani ikiangukia miezi ya joto, kama ilivyokuwa Machi 2025, basi ikifika saa kumi na moja jioni mlango wa jirani huyo hauna raha.

Ndiyo sababu, msomaji mpendwa, wengi siku hizi wanaulizia ile mashine ndogo ya kutengeneza barafu inayokaa juu ya meza ya jikoni. Madukani ipo. Wengine huletewa na jamaa zao walio Dubai au Marekani. Huenda wewe pia umeitamani. Lakini kabla hujafungua kibeti, ni vyema uelewe jambo moja ambalo muuzaji hatakueleza: mashine hii hugandisha maji, haiyasafishi. Ukiitilia maji machafu itakupa barafu chafu, tena itakupa kwa haraka.

Kwanza tuitazame yenyewe. Ndani yake mna kompresa, kama ile ya friji ila ni ndogo, feni, pampu ya maji, na kisahani ambacho juu yake vimening'inia vijiti vya chuma. Pampu huvuta maji kutoka tangi la chini na kujaza kisahani. Vijiti vile hupozwa na gesi inayopita ndani yake, na maji yanayovizunguka huganda. Baada ya dakika 6 hadi 13 hivi, valvu hufunguka, gesi ya moto ikapitishwa katika vijiti hivyo hivyo kwa muda mfupi, na vipande vya barafu, kwa kawaida 9, vikaachia na kusukumwa kikapuni. Kisha kazi huanza upya.

Mashine nyingi za aina hii zimeandikwa kwamba hutoa kilo 12 kwa siku nzima. Usiishike hesabu hiyo kama Msahafu. Ilipigwa katika chumba chenye ubaridi wa wastani na maji yaliyo baridi. Jikoni mwako Mombasa, ambamo joto hupita nyuzi 30 na maji ya tangi la juu ya paa huteremka yakiwa na uvuguvugu, utapata pungufu.

Wazo lenyewe ni la zamani. John Gorrie, daktari aliyeishi mji wa Apalachicola jimboni Florida, Marekani, alisajili uvumbuzi wa mashine ya barafu mwaka wa 1851. Hakuwa na haja ya sharubati. Alitaka kuwapoza wagonjwa wake wa homa. Alifariki mwaka wa 1855 bila ya kupata faida yoyote kwa kazi yake.

Jambo jingine linalowakanganya wanunuzi ni kikapu cha ndani. Hicho si friza. Barafu iliyomo huyeyuka polepole, maji yake yakarudi tangini kutengenezwa upya. Basi anayetaka barafu ya kesho huihamishia kwenye friza ya kweli. Kadhalika usiweke humo nyama, maziwa wala dawa. Hasa mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani asiitumbukize chupa ya insulini katikati ya barafu akidhani anaitunza, kwani insulini ikiganda imeharibika.

STIMA

Tuseme umeshanunua. Mashine imesafiri ndani ya buti la gari au juu ya matatu, pengine ikiwa imelazwa ubavu. Itoe sandukuni, isimamishe wima, kisha iache. Kompresa ina mafuta yake, na mashine ikilazwa mafuta hayo hutambaa hadi kwenye mabomba ya gesi. Yanahitaji muda wa kurudi mahali pake. Kama ililazwa, ipe siku nzima kabla ya kuichomeka. Watoto watakuzunguka wakikuhimiza, lakini kompresa iliyokufa siku ya kwanza haifufuliwi na haraka ya mtoto.

Iweke juu ya meza imara iliyo sawasawa. Ikiinama, maji hayatajaa vizuri kisahanini na vipande vitatoka vingine vinene vingine kama maganda. Huna kipimo cha fundi? Weka juu yake sinia lenye maji kidogo uone yanakimbilia upande gani. Iache umbali wa kiganja kizima kutoka ukutani kila upande ili feni ipate kutoa joto. Usiiweke kando ya jiko wala dirishani panapopigwa na jua.

Sasa plagi. Umeme wa Kenya ni volti 240 kwa mizunguko 50. Mashine iliyonunuliwa katika maduka ya Marekani imeundwa kwa volti 120 na mizunguko 60. Ukiichomeka hivi hivi ukutani utasikia mlio mmoja, na harufu, na mambo yamekwisha. Wengine hununua transfoma ya kushusha volti. Transfoma hushusha volti tu, haibadili mizunguko, hivyo kompresa itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa na huenda ikapata joto jingi. Kwa maoni yangu, ndugu yako aliye ng'ambo akitaka kukutumia zawadi, akutumie pesa ununue iliyotengenezewa umeme wa kwetu. Zinazouzwa Dubai kwa kawaida hazina tatizo hilo, lakini soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuamini.

Adui mwingine ni stima inayopotea na kurudi. Kompresa ikizimika ghafla, gesi ndani yake huwa imebanwa upande mmoja na huhitaji dakika 3 hadi 5 ili itulie. Stima ikirudi kabla ya hapo, kompresa hulazimishwa kuanza kazi ikiwa imekabwa. Nunua kile kifaa cha kulinda friji, ambacho husubiri dakika chache ndipo kipitishe umeme. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya kompresa. Gharama ya stima yenyewe haitishi sana: mashine ya wati 120 ikifanya kazi kwa saa 8 mfululizo hula karibu yuniti moja.

Ipo pia aina kubwa inayounganishwa moja kwa moja na bomba la maji, ambayo baadhi ya wenye nyumba kubwa na mikahawa huipenda. Hii ni kazi ya fundi wa mabomba, lakini simama naye. Hakikisha ameweka koki ya kufungia maji peke yake, chujio kabla ya mashine, na kwamba bomba la kutolea maji machafu halizami ndani ya maji ya mtaro, yasije yakarudi juu. Muulize pia juu ya msukumo. Mashine nyingi za namna hii hutaka maji yenye msukumo usiopungua baa 1, nao hupatikana tangi likiwa mita 10 juu ya mashine. Tangi lako likiwa mita 3 tu, utapata chini ya theluthi moja ya hiyo. Bila pampu, mashine itakaa ikisubiri maji yasiyofika, nawe utamlaumu aliyekuuzia.

MAJI

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Wengi wetu tumekua tukiamini kuwa baridi huua viini vya maradhi. Si kweli. Baridi huvilaza tu, na vingi huamka barafu inapoyeyuka ndani ya gilasi. Kipindupindu kilipozuka nchini Peru mwaka wa 1991, wachunguzi waliofuatilia wagonjwa walikuta kwamba miongoni mwa njia zilizoeneza maradhi hayo ni vinywaji vya barabarani vilivyotiwa barafu. Mtu alikuwa mwangalifu na sharubati, akasahau kilichokuwa kikielea ndani yake.

Nasi wa Mombasa tuna sababu ya kujihadhari. Maji ya mfereji yanayotoka mbali, kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, hayatoshi mji mzima, na nyumba nyingi hukaa siku kadhaa bila tone. Pengo hilo huzibwa na mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20, au na kisima cha mtaani. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye matundu kama sifongo. Vyoo vya shimo na visima viko katika mwamba mmoja, wakati mwingine ndani ya ua mmoja. Kilichomo chooni hupata njia ya kufika kisimani, na macho hayataona lolote, kwani maji huwa meupe pe.

Kwa hivyo, kabla ya kuyatia mashineni yachemshe hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja, kisha yafunike yapoe kabisa. Maji ya moto yatailemea mashine. Ukipenda tumia dawa ya klorini ya kutibia maji kwa kipimo kilichoandikwa chupani, na usubiri dakika 30. Mimi ningechagua kuchemsha pale gesi au makaa yanapopatikana, kwa sababu ya faida ya pili. Maji ya visima vyetu yamejaa chokaa, ndiyo ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika. Ukichemsha, sehemu ya chokaa hiyo hubaki sufuriani badala ya kwenda kukaba pampu. Chumvi, lakini, haiondolewi kwa kuchemsha, na maji ya chumvi ni ya kuosha vyombo. Usiyatie mashineni kamwe.

Kuna jambo la ajabu kidogo hapa. Maji yanapoganda juu ya vijiti, sehemu iliyo safi zaidi huganda kwanza, na chokaa na chumvi husukumwa kubaki katika maji ya tangi. Barafu inavyozidi kutoka, maji yaliyobaki huzidi kuwa mazito. Wanaoongeza maji juu ya maji wiki nzima, bila kumwaga ya chini, wanatengeneza barafu kutokana na mashapo. Mwaga tangi lote kila siku unapomaliza, kifuniko kikiwa wazi ili ndani pakauke. Mvuke wa pwani haukauki kwa kubembelezwa. Ukifunika mashine ikiwa na unyevu, siku mbili tatu baadaye utapokewa na harufu ya kuvu.

Usafi wenyewe hauhitaji madawa ya kigeni. Mara moja kwa wiki osha kikapu na kijiko chake kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha vitumbukize kwa dakika chache katika lita 4 za maji yenye kijiko kimoja kikubwa cha Jik isiyotiwa manukato, uvisuuze na kuvianika. Pitisha kidole ndani ya tangi. Ukihisi utelezi, huo ni utando wa vijidudu, haidhuru tangi linameremeta vipi.

Chokaa nayo huondolewa kwa siki nyeupe kila mwezi, au mapema zaidi ikiwa maji yako ni ya kisima. Kama kitabu cha mashine hakikupi kipimo, changanya kikombe kimoja cha siki na vikombe vinne vya maji, iendeshe mizunguko miwili au mitatu, mwaga maji na barafu yake yote, kisha endesha tena kwa maji safi mara mbili na kuitupa barafu hiyo pia. Siku ya siki isiwe siku ya Jik. Vikikutana, hutoa gesi ya klorini inayochoma kifua, na jikoni mwetu madirisha ni madogo.

Halafu kuna mikono. Unaweza kuchemsha maji, ukasugua tangi, kisha mtoto aliyetoka kucheza uani akaingiza kiganja na kuchota. Tundika kijiko kando ya mashine na uweke sheria ya nyumba kwamba hakuna mkono wala gilasi inayoingia kikapuni, awe ni mtoto, mgeni au baba mwenye nyumba.

Wapo wanaotaka kufanya biashara. Sikukatazi, ingawa mashine ya mezani si ya muuza samaki. Kilo zake chache zitamalizwa na kapu moja la changu. Kwa sharubati na maji ya ukwaju hapo mtaani inatosha. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017, desturi ya kufunga barafu kwa vifuko imekuwa taabu, kwa hivyo mwambie mteja aje na chombo chake chenye kifuniko. Na kama huchemshi maji, usiuze. Wanaokuja na jagi ni watoto wa majirani zako.

Mwisho, mashine ikianza kutoa vipande vyembamba kama maganda, usikimbilie kumwita fundi. Angalia kwanza kama tangi lina maji ya kutosha, kama feni imezibwa na vumbi, kama chujio dogo la pampu lina uchafu, na kama ukoko wa chokaa umefunika vijiti. Mara nyingi dawa ni siki na brashi. Ikiwa yote ni safi na bado vijiti havishiki baridi, huenda gesi imevuja. Mashine nyingi za sasa hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo hushika moto kama ile ya kupikia. Basi fundi akija na bomba lake la kuchomelea, mwambie aitoe mashine hadi uani, penye hewa na mbali na jiko, kabla hajawasha kiberiti.