Mwethya na Mgeni: Ujenzi wa Nyumba kwa Kujitolea Machakos

Kitenzi kujitolea kimeundwa kwa -toa, kauli ya kutendea na -ji- ya kujirejelea. Anayejitolea, basi, hatoi mali tu. Hujitoa mwenyewe kwa ajili ya mwingine. Wakamba wa Machakos wana neno lao, mwethya, ambalo mara nyingi hufasiriwa hivyo hivyo ingawa dhana zake ni tofauti. Katika mwethya, mwenye boma aliyetaka kujenga au kupalilia aliwaita majirani, akawaandalia chakula, nao wakamfanyia kazi. Zamu ya jirani ilipofika, naye aliitika. Huo haukuwa ufadhili bali deni la heshima. Serikali ya kikoloni ilitambua nguvu hiyo, na katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, wengi wao wakiwa wanawake, vilichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko yanayoonekana vilimani hadi leo.

Ujenzi wa nyumba unaowaleta wageni kutoka ng'ambo una historia nyingine, ijapokuwa sehemu yake ni ya Afrika. Millard na Linda Fuller, Wamarekani waliopata fikra hiyo katika shamba la Koinonia jimboni Georgia, waliijaribu Mbandaka, Zaire, kuanzia mwaka 1973. Mwaka 1976 walirejea kwao wakaanzisha Habitat for Humanity, na mwaka 1982 shirika hilo likaingia Kenya. Kanuni yake ya awali yafaa kuelezwa, maana wengi hudhani nyumba hutolewa sadaka. Familia hutoa jasho lake katika ujenzi, kisha hulipa mkopo usiotozwa faida. Marejesho hayo husaidia kumjengea mwingine. Mgeni naye hujilipia nauli, huchangia gharama za ujenzi, na hukaa siku chache tu.

Hapa ndipo penye utata. Machakos haikosi waashi. Kinachomshinda maskini ni bei ya saruji na mabati, wala si uhaba wa mikono. Kijana aliyevuka bahari bila kuwahi kushika mwiko hufundishwa kuchanganya udongo na saruji na fundi ambaye, pengine, angeimaliza kozi hiyo kabla ya chai ya saa nne. Aidha, ujenzi hunywa maji mengi, na katika sehemu kavu za Ukambani maji hayo huletwa kwa mitungi mgongoni mwa punda, au mgongoni mwa mama. Ni haki kuuliza iwapo nauli ya ndege isingeliwafaa zaidi fundi na familia hiyo kama ingelitumwa pekee yake.

Hata hivyo, jibu si jepesi. Fedha ambazo mgeni huchanga kwa sababu anasafiri huenda asingezichanga akibaki kwao. Na aliyeiona nyumba ya nyasi inayovuja hukumbuka zaidi kuliko aliyeisoma katika ripoti. Ila safari ya namna hiyo iitwe kwa jina lake: ni elimu ya mgeni, na familia ya Machakos ndiyo mwalimu.

Tofauti kubwa imo katika mwito. Katika mwethya mtu huitwa. Katika safari za kujitolea mtu hujiandikisha. Mabwawa ya mchanga yaonyesha jinsi pande hizo mbili zinavyoweza kukutana. Shirika la Utooni, lililoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978, limejenga kuta nyingi katika mito ya msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Wanakikundi hukusanya mawe na kuchimba msingi wenyewe. Wafadhili husaidia kwa vitu kama saruji. Mgeni anayefika katika kazi ya namna hiyo huikuta imekwisha anza, ina mwenyewe na ina fundi wake, naye hupewa nafasi katika mstari wa kupokezana mawe.