Umenianisi: Utangulizi kwa Anayeanza Kuvisoma Vitenzi vya Furaha

Shangazi yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, alikuja kututembelea hapa Muthangari, Nairobi, akakaa siku nne. Aliporudi kwake alinitumia ujumbe wa sauti, na baada ya salamu ndefu akasema: "Umenianisi, mwanangu." Binti yangu, aliye sekondari, alikuwa karibu akasikia. Akaniuliza: "Umemfanya nini?"

Swali hilo ndilo mlango wa taaluma ninayokukaribisha. Huyu ni mtoto anayezungumza Kiswahili tangu kuzaliwa na anayepata alama nzuri darasani, na bado kitenzi kizima cha lugha yake kilimpita kama mgeni asiyejulikana. Kuanisi ni kumfurahisha mtu, kumpendeza. Kamusi zinalo. Lakini ukiishia kwenye visawe hivyo viwili, hujajua kwa nini shangazi hakusema tu "umenifurahisha". Elimu ya maana za maneno huanzia hapo kamusi inaponyamaza: nani husema neno hili, humwambia nani, juu ya jambo gani, na neno gani jingine lilikuwepo akaliacha?

Tuanze na asili yake. Anisi limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi unaobeba maana ya kuzoeana, kukaa pamoja, kuondoa upweke. Mzizi huohuo umetupa insi, neno ambalo wengi tunalikumbuka kwa kuwa huandamana na majini: majini na insi. Umetupa insani pia, na jina la kike Anisa. Basi furaha iliyomo katika kuanisi ni ya kuwa na mtu. Shangazi amekuwa mjane kwa miaka mingi. Alikaa nasi siku nne, tukala naye, tukazungumza naye hadi usiku. Hakuna tulichompa cha thamani zaidi ya hicho, naye alichagua kitenzi kinachokitaja hasa.

Mwanafunzi wa Kenya hukutana na vitenzi vya furaha kwanza katika mnyambuliko. Anaulizwa furahi katika kauli ya kutendesha, anajibu furahisha, anapata alama yake. Kiambishi -ish- kinaeleweka: mmoja anafurahi, mwingine ndiye sababu. Ila kauli hii ni kongwe kuliko -ish-. Waliozichunguza lugha za Kibantu kwa kuzilinganisha wameonyesha kwamba kiambishi chake cha kale kilikuwa irabu fupi tu, i, iliyoingia mwisho wa mzizi. Kwetu imejificha ndani ya konsonanti: pona ikawa ponya, lewa ikawa levya, ogopa ikawa ogofya, lala ikawa laza. Lakini huku Muthangari, kwenye ardhi ya Wagikuyu, haijajificha hata kidogo. Kufurahi kwa Kigikuyu ni gũkena. Kufurahisha ni gũkenia. Irabu ileile unaisikia waziwazi, imesimama mahali pake. Mara ya kwanza nilipotambua hivyo nilirudia maneno hayo mawili kwa sauti, kena, kenia, pona, ponya, kama mtu aliyewaona ndugu wawili waliopoteana. Natamani kila mwalimu wa Kiswahili wa bara awaonyeshe wanafunzi jambo hili, maana mtoto wa Kigikuyu huambiwa mara nyingi mno kwamba lugha ya nyumbani itamharibia Kiswahili, na kumbe imemhifadhia historia yake.

Pendeza nacho kina kisa chake. Kwa umbo ni cha kutendesha, kimezaliwa na penda. Ungetarajia kiwe kila mara na mtu anayetendewa, nacho huweza: "Maneno yako yamenipendeza." Lakini sikiliza harusini: "Umependeza!" Nani amependezwa? Hatajwi. Kitenzi kimeacha kumtafuta mtendewa, kikawa sifa ya yule aliyevaa vizuri. Ndiyo maana watu wameona haja ya kukiongezea kiambishi kingine, wakapata pendezesha. Umbo la neno hukwambia lilikotoka. Matumizi hukwambia limefika wapi.

Nimechagua kuandika haya nikiwa Muthangari kwa sababu mahali hapa pana sehemu katika historia ya kamusi zetu. Ndani ya jina hili Mgikuyu husikia thangari, yale majani ambayo mkulima huyang'oa leo na kesho akayakuta yameota tena, kwa kuwa mizizi yake husafiri chini kwa chini. Mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha hapa misheni ya St. Austin's, wakapanda na kahawa. Shirika lao lilikuwa limetia mizizi Unguja na Bagamoyo miaka mingi kabla. Mmoja wa ndugu zao wa pwani, Mfaransa Charles Sacleux, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya maneno ya Kiswahili, na kamusi yake ikatoka Paris mwaka 1939. Mwaka huohuo kamusi ya Frederick Johnson, iliyoandaliwa chini ya Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki, ilichapishwa na Oxford.

Kamusi mbili, mwaka mmoja, na nia mbalimbali. Ile ya Kamati ilikusudia kusanifisha, na msingi wake ni Kiunguja. Sacleux aliandika kila neno na mahali lilikosikika: Kimvita, Kiamu, Kiunguja na lahaja nyingine. Zote mbili zina faida, lakini anayesoma vitenzi vya furaha asiache ile ya pili kwa hofu ya Kifaransa chake. Furaha ni jambo la nyumbani, na maneno ya nyumbani huishi katika lahaja.

Kitenzi ninachokipenda kuliko vyote kukifundisha ni kuburudisha. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa baridi. Kumburudisha mtu ni kumpoza, kumpa ubaridi. Fikiria mchana wa Mombasa mwezi wa Machi: jua limesimama utosini, nguo imegandamana na mgongo, kisha mtu anakutolea maji ya mtungi, au upepo unavuka uwanja. Raha ile ya mwili ndiyo iliyozaa maana ya muziki, ngoma na michezo, hata leo magazeti na redio zina sehemu yake ya burudani. Neno likapanda reli likaja Nairobi. Mwezi wa Julai, wakati ukungu umelala juu ya miti ya Muthangari na walinzi wamezunguka jiko la makaa, redio ya mmoja wao inawaalika wasikilizaji waburudike. Kwa kiini chake neno linawaambia wapoe, watu ambao wanatafuta joto. Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa maana ya zamani imezama. Imezama tu, haijafa. Kitenzi hubeba hali ya hewa ya kwao popote kinapokwenda.

Ukishaonjeshwa hilo utaanza kuona picha kila mahali. Watu wa pwani na Visiwani husema jambo limewakosha roho, na kukosha ni kuosha. Wengine husema limewasuuza moyo, kama vyombo vinavyosuuzwa kwa maji safi. Mtu mwenye uso wa furaha ni mkunjufu, kutokana na kunjua: uso uliokuwa umekunjwa umefunguliwa kama mkeka. Sherehe nalo ni neno la kutafakari. Fungua diwani nyingi za mashairi, mwishoni utakuta orodha ya maneno magumu na maelezo yake, na kichwa chake ni Sherehe. Je, ni neno moja na la arusi? Mzizi wa Kiarabu unahusu kupanua na kufungua: jambo likifunguliwa ni ufafanuzi, kifua kikifunguliwa ni furaha. Sura ya 94 ya Kurani, inayozungumzia kukunjuliwa kwa kifua, huitwa kwa mzizi huohuo. Sijui taaluma nyingine inayoweza kukuonyesha kwamba kuelewa na kufurahi vililala kitanda kimoja.

Waingereza nao wana kitenzi chao kilichozeeka, gladden. Kimetokana na neno ambalo katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kung'aa. Siku hizi hakisikiki sana, na kinaposikika mara nyingi kimeandamana na moyo. Yaani kwao furaha iliingia lugha kama mwanga, kwetu kama ubaridi, maji, au mwenzi wa kukaa naye. Nacho, kama anisi, kimerudi nyuma ya kitenzi cha kila siku, kikabaki kwa wazee, kwa washairi na kwa nyakati za heshima. Neno likizeeka halipotezi maana. Hupunguza idadi ya mahali linapoalikwa.

Basi njia ya kazi. Usianze na kamusi. Chukua daftari, piga mistari, na kwa kila kitenzi cha furaha unachokisikia andika nani ametenda, nani ametendewa, na kama mtendewa ametajwa ni mtu mzima au ni sehemu yake: moyo, roho, uso, macho. Nenda penye watu. Kwenye matatu za Kawangware zinazopita karibu nasi utasikia vijana wakisema, "Hiyo ngoma imenibamba." Wazee hulalamika kwamba Sheng inaharibu lugha. Mimi nasikia kingine. Kubamba katika Kiswahili sanifu ni kukamata, kushika kwa nguvu, na sisi tunaolalamika ndio tusemao kwamba mwimbaji ameteka nyoyo za watu. Kuteka na kubamba vimepita njia moja; vijana wameifuata njia ya wazee bila kuonyeshwa.

Binti yangu amekwishaanza daftari lake, na safu yake ya kwanza ni ile sentensi ya shangazi. Juzi alinionyesha alichokigundua mwenyewe. Bamba hukubali kusimama peke yake: "Sherehe ilibamba," basi, kama vile pendeza. Burudisha nacho hukubali: "Kinywaji hiki kinaburudisha." Anisi amelijaribu kila namna, akampigia shangazi huyo, bibi yake wa Mombasa, amsomee sentensi zake moja moja. Bibi alizikataa zote ambazo hazikuwa na mtu wa kuanisiwa ndani yake.