Mkate na kiriba kimoja cha maji



Soma tena Mwanzo sura ya 21. Hajiri anaondoka kwa Ibrahimu na mtoto wake, na mzigo wake wote ni mkate na kiriba cha maji. Kisha rudi sura ya 13, uone mifugo, fedha na dhahabu aliyokuwa nayo Ibrahimu. Tajiri alimuaga mzazi mwenzake kwa chakula kisichofika mbali.

Usiseme hayo ni ya kale. Hapa Kilwa mama anaweza kupalilia ufuta miaka kumi na mitano, akaokota korosho, akaanika samaki pale Kivinje, akamuuguza mama mkwe mpaka kaburini. Fedha za msimu zinaezeka nyumba na kununua mashine ya boti, vyote kwa jina la baba. Ndoa ikivunjika anapewa nauli ya kufika Nangurukuru na kuambiwa, "Ulikuja na begi, ondoka na begi." Nasi tunaokaa naye benchi moja kanisani tunamwambia avumilie.

Huenda mama huyo ni dada yako. Huenda mwenye nyumba hiyo ni wewe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikubali neno hilo la begi. Kwanza shauri hupelekwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Wakishindwa kupatana, baraza hutoa hati, na mlango wa mahakama unafunguka, hata Mahakama ya Mwanzo. Huko kuna mambo mawili, usiyachanganye.

La kwanza ni mali mliyochuma pamoja. Hakimu hutazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni ya familia na mahitaji ya watoto. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango. Yeye mwenyewe hakushinda rufani ile, lakini wanawake wengi wamesimama juu ya maneno yale.

La pili ni matunzo ya mtalaka. Hakimu huuliza hasa maswali mawili: huyu ana uwezo gani, na yule ana mahitaji gani? Kisha hupima nani alichangia zaidi kuvunjika kwa ndoa, na hutazama mila za jamii yao. Kwa hiyo mama aende na hesabu yake: kodi ya chumba, chakula, dawa. Mume naye, akiwa mgonjwa au mlemavu asiyeweza kujitafutia, anaweza kutunzwa na mke. Aliyetalikiwa akioa au kuolewa tena, haki hiyo hukoma. Matunzo ya watoto ni haki yao wenyewe, hayafutwi na ugomvi wa wazazi.

Hatuandiki haya kuipamba talaka. Mwenye ndoa yenye nyufa aanze kwa magoti na kwa wazee wa kanisa. Lakini pale ilipokwisha kuvunjika, dhuluma haigeuki kuwa utakatifu kwa sababu aliyedhulumiwa amenyamaza. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Ndugu yangu, usingoje hakimu akulazimishe kutenda ambalo dhamiri yako inalijua tangu siku ile alipofunga mzigo wake.

Nasi wengine? Kule jangwani maji ya Hajiri yalipokwisha, alimlaza mtoto chini ya kichaka, akakaa mbali ili asimwone akifa. Mungu alisikia sauti ya kijana, akamfumbua mama macho, naye akaona kisima cha maji.

Jumapili hii, baada ya ibada, mtafute dada aliyekaa mbali na wenzake. Msindikize Jumatatu hadi barazani, umshikie mtoto wakati akieleza shida yake.