Winning Eleven ya kibandani ilitufundisha boli, gemu za simu zinatuuzia kadi

Kama uliwahi kutupa pedi chini kwa hasira kwa sababu Adriano kakutungua kwa shuti la mita 35 dakika ya 88, makala haya yanakuhusu. Na kama pedi huijui, umezaliwa ukakuta kila kitu kipo kwenye kioo cha simu, usiondoke. Habari yako ipo mbele kidogo.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa dada yangu, nasubiri ubwabwa uive. Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, kajikunja kwenye kochi na simu ya mama yake. "Shikamoo anko. Subiri kidogo, niko kwenye mechi." Nikachungulia. Kikosi chake bwana! Maldini nyuma, Beckham pembeni, Messi mbele, wote wa kiwango cha juu kabisa. Nikamuuliza, Maldini umempataje?

"Nimefungua paki, anko. Ilikuwa bahati tu."

Bahati. Neno hilo ndilo limenifanya niandike haya, maana enzi zetu Maldini alikuwa wa yeyote aliyewahi kuchagua Milan.

Turudi kibandani. Cha mtaani kwetu Tandika kilikuwa nyuma ya bucha, bati juu, mabenchi mawili ya mbao, TV ya chogo na PlayStation iliyoachwa mfuniko wazi huku feni ikiipepea isichemke. Mechi ilikuwa shilingi 100, baadaye ikapanda hadi 200. Sheria ilikuwa moja tu: aliyefungwa analipa, halafu anapisha. Ukiwa mkali unaingia asubuhi na mia yako, unatoka magharibi na mia ile ile mfukoni. Ukiwa kibonde, hela ya chapati ya wiki nzima inaishia pale.

Ndiyo maana kila bao lilikuwa na uzito. Ukikosa penalti hukupoteza pointi za kwenye skrini, umepoteza chapati, na nyuma yako kuna watu kumi na tano wanaokucheka na kila mmoja ana ushauri wake. "Mtoe huyo!" "Piga krosi!" "Unamuachaje Henry peke yake?" Hakuna kocha wa Ligi Kuu aliyewahi kufanya kazi kwa presha kama ile.

Diski zenyewe zilikuwa za kudurufu, nyingi zimetoka toleo la Japani. Menyu yote ni michoro ya Kijapani, hakuna hata mmoja wetu aliyejua kusoma, lakini kila mtoto alijua: shuka mara mbili, bonyeza, kulia mara moja, mechi imeanza. Mtangazaji alikuwa Jon Kabira, na jinsi alivyokuwa akilivuta neno "gooo" tuliliiga hadi uwanjani tulipocheza chandimu. Hatukuelewa alichokuwa anasema, ila tulijua amefurahi.

Gemu yenyewe ni ya kampuni ya Konami. Winning Eleven ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1995 ikiwa na klabu za ligi ya kwao, na kuanzia 2001 huko Ulaya ikaanza kuuzwa kwa jina la Pro Evolution Soccer, ndiyo PES hiyo. Mpinzani wake alikuwa FIFA ya EA, iliyoanza mwishoni mwa 1993. Mabishano ya PES na FIFA kibandani kwetu yalikuwa makali kama ya Simba na Yanga, ila mimi nitawaambia ukweli wangu bila kuona haya: FIFA ilikuwa na jezi nzuri, PES ilikuwa na mpira.

Jezi na majina vilikuwa tatizo kubwa la Konami. Hawakuwa na haki za klabu nyingi wala za wachezaji wote, kwa hiyo waliwabatiza upya. Roberto Carlos akawa Roberto Larcos. Kuna matoleo ambayo Manchester United ilikuwa Man Red, mengine Liverpool ikawa Merseyside Red, Chelsea ikaitwa London FC. Kuna jamaa yangu mmoja, leo ni baba wa watoto watatu, alibishana na mwalimu darasani kwamba beki wa kushoto wa Brazil anaitwa Larcos. Alikuwa na uhakika kabisa, ameona kwa macho yake.

Lakini ndani ya majina hayo ya bandia kulikuwa na soka la kweli. Ukiwa huna mpira, kitufe cha X kinamfanya beki wako aende kukaba, na kile cha mraba kinamwita mwenzake aje kusaidia. Ukivishika vyote viwili muda mrefu, unafungua mwanya nyuma na mwenzako anapitisha pasi ya pembetatu, kwisha habari. Hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kuelewa kwa nini kiungo mkabaji haruhusiwi kuzurura. Tulijifunza kuotea kwa kufungiwa bao lililokataliwa. Tulijifunza kwamba winga mwenye mbio hana faida ukimchezesha mbele ya mabeki watano waliorudi nyuma.

Na Adriano, jamani. Kwenye PES 6 ya mwaka 2006, mguu wake wa kushoto ulikuwa bunduki. Cha ajabu ni kwamba Adriano wa kweli pale Inter alikuwa ameshaanza kuporomoka baada ya kufiwa na baba yake mwaka 2004. Uwanjani anahangaika, kibandani ni mfalme. Vibanda vingi viliweka sheria yao: Inter hairuhusiwi, au ukiichukua Inter na mwenzako naye anaichukua.

Msidhani ni sisi wa Tandika tu. Andrea Pirlo ameandika kwenye kitabu cha maisha yake kwamba mchana wa Julai 9, 2006, siku ya fainali ya Kombe la Dunia Berlin, alilala na kucheza PlayStation. Usiku akaenda kuwa bingwa wa dunia.

Sasa twende kwenye simu.

Gemu ya kwanza ya simu kwa wengi wetu ilikuwa yule nyoka wa kwenye kitochi. Alitengenezwa na Taneli Armanto wa Nokia, akatoka na Nokia 6110 mwaka 1997. Nyoka yule hakuomba bando, hakuomba kadi ya benki, hakukuletea tangazo katikati ya kula. Ukigonga mkia wako umekufa, unaanza upya.

Za leo ni habari nyingine. Ukipanda daladala utaona vijana na Dream League Soccer, wengine eFootball, wengine FC Mobile. Na nisiwe mzee wa kulalamika kila kitu, kuna mazuri mengi humo. PlayStation ilikuwa ya mwenye kibanda. Simu ni yako, au angalau ya mama. Kupakua ni bure. Kijana aliyeko Tandahimba anaweza kucheza sasa hivi na kijana wa Jakarta, mtandao ukikubali. Dream League, iliyotengenezwa na First Touch Games ya Uingereza, inakuruhusu kuingiza jezi na nembo yako mwenyewe, na vijana wetu hawakulaza damu: wameingiza jezi za Simba na Yanga, dabi ya Kariakoo inapigwa kwenye kiti cha nyuma cha basi la Mbagala. Hilo Winning Eleven haikutupa kamwe. Kwa miaka kadhaa Waafrika Kusini waliwaona Kaizer Chiefs na Orlando Pirates wao ndani ya FIFA, sisi tukabaki kumtafuta Mbwana Samatta ndani ya Genk.

Shida yangu inaanzia kwenye vidole. Pedi unaijua kwa kuipapasa, macho yako yote yako uwanjani. Kioo hakina kitufe, ni laini tupu, na kidole gumba chako cha kulia kinaziba kona nzima ya chini. Winga wa mpinzani anapita chini ya ukucha wako, humuoni. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wameweka misaada. eFootball ina kitu kinaitwa Smart Assist, kinakusaidia kupiga chenga na kuchagua pasi. FC Mobile ina aina ya mechi inayoitwa VS Attack, ambayo wewe unashambulia tu, halafu mwenzako naye anashambulia tu, kompyuta ndiyo inakaba. Mpira usio na kukaba! Mwambie hayo beki yeyote wa ridhaa uone atakavyokuangalia.

Halafu kuna paki. Ukitaka mchezaji mkubwa unakusanya sarafu za gemu kwa kucheza siku nyingi, au unanunua kwa hela halisi, halafu unafungua paki ambayo hujui ina nani. Unaweza kumpata Maldini. Unaweza kumpata beki wa akiba wa timu ambayo hujawahi kuisikia. Hela imekwenda vile vile.

Ubelgiji waliliona hilo mapema. Mwaka 2018 mamlaka yao ya kamari ilisema paki za namna hiyo, kununuliwa kwa hela bila kujua kilichomo, ni kamari kwa sheria yao. Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Uholanzi nako EA ilipigwa faini ya euro milioni 10, ikakata rufaa, na mwaka 2022 mahakama ikaifuta. Kwa hiyo nchi mbili jirani, majibu mawili.

Kwa dada yangu jibu lilipatikana kwa njia ya ujumbe wa benki. Alikuwa ameunganisha kadi yake kwenye simu ili alipie filamu. Wakati tunakula ubwabwa akaanza kusoma meseji zake, akanyamaza, akasoma tena. Shilingi 46,000 zimekatwa ndani ya siku nne. "Hivi hii nini?" Kijana akainamia sahani. Ile "bahati" ya Maldini ilikuwa na bei, na kwa hesabu ya kibandani kwetu ni mechi 230. Tena mechi 230 za kufungwa zote.

Sikumtetea, lakini pia sikuweza kumchapa maneno sana. Mimi nilikuwa nakula hela ya chapati. Tofauti ni kwamba hela yangu ilichukuliwa na mtu aliyenifunga, nikimuona usoni, na kesho yake naweza kumrudi. Yeye hela yake imechukuliwa na nani? Na atamrudi vipi?

Wakubwa wenyewe nao wamevurugana. Konami mwaka 2021 waliliua jina la PES, wakaleta eFootball ya bure. Ilipotoka Septemba 30 mwaka huo ilikuwa mbovu kiasi cha kuchekwa dunia nzima, nyuso za wachezaji zimepinda, na kampuni ikaomba radhi. EA nao waliachana na FIFA, na tangu 2023 gemu yao inaitwa EA Sports FC. Sasa sikia hili: baada ya talaka hiyo, FIFA ikaenda kukaa na Konami. Desemba 2024 Kombe la Dunia la gemu la FIFA lilichezwa Riyadh kwa kutumia eFootball, na lilikuwa na kitengo cha simu. Mtu yeyote aliyewahi kushikana mashati kibandani akitetea PES au FIFA, hapo lazima acheke.

Kibanda chetu hakipo tena. Nilipita mwezi uliopita. Bucha bado lipo, ila pale nyuma kuna mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, na watoto wa rika la mpwa wangu wamezizunguka. Hakuna anayemshauri mwenzake apige krosi.

Baada ya chakula nilimpigia simu rafiki yangu ambaye bado ana PlayStation 2 stoo, mashine ambayo Sony waliacha kuitengeneza mwaka 2013. Jioni hiyo hiyo tukaifuata. Kwanza mpwa wangu alinipa mechi ya simu, akanipiga 5-1, na bao langu nadhani lilifungwa na Smart Assist. Kisha nikachomeka waya kwenye TV, nikapuliza vumbi kwenye pedi, nikaweka PES 6.

Mechi ya kwanza alikula nne bila. Alikuwa anabonyeza kukaba kwa vitufe vyote viwili muda wote, na mimi nilikuwa namsubiri nyuma. Ya pili, tatu moja. Ya tatu aliposhika pedi aliniuliza, "Anko, hawa wazuri unawafungulia wapi?"

Nikamwambia hapa hakuna kufungua, chagua timu.

Akapitisha orodha polepole, akasimama Milan. Maldini yupo. Akaanza kumrudisha kiungo wake mkabaji nyuma kidogo kabla hatujaanza, sijamwambia. Mama yake akaita kutoka jikoni kwamba kesho kuna shule, na sisi wawili tukasema kwa pamoja: ya mwisho hii.