Kujifunza udereva: Pima ada kwa saa za kushika usukani

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wanaotaka kujifunza kuendesha gari huanza na swali moja: ni shilingi ngapi? Huzunguka katika vyuo viwili au vitatu vya mtaani, hulinganisha mabango yaliyobandikwa ukutani, kisha hujiandikisha kwenye chuo chenye ada ndogo kuliko vingine.

Uamuzi huo unaeleweka, kwa kuwa fedha ni ngumu. Hata hivyo, ada iliyoandikwa kwenye bango haielezi jambo lenye uzito zaidi, nalo ni muda ambao mwanafunzi atashika usukani kwa mikono yake mwenyewe.

Gharama za kupata leseni nchini Tanzania zimegawanyika katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni malipo ya Serikali, ambayo ni sawa kwa kila mwombaji. Fungu la pili ni ada ya chuo, ambayo hutofautiana kutoka chuo kimoja hadi kingine, na hapo ndipo fedha za wengi hupotelea.

Malipo ya Serikali si siri. Leseni ya muda ya mwanafunzi hulipiwa Sh10,000 na hudumu kwa miezi mitatu, wakati ada ya mtihani wa udereva ni Sh3,000. Leseni yenyewe, kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, hulipiwa Sh70,000 na hudumu miaka mitano. Kabla ya hapo ilikuwa Sh40,000 kwa miaka mitatu.

Ukijumlisha, mwombaji hulipa Sh83,000 serikalini. Anayeambiwa na mtu wa kati kwamba 'malipo ya Serikali' yanafika laki kadhaa anapaswa kujiuliza fedha zinazozidi zinakwenda kwa nani.

Utaratibu nao unafahamika. Mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 18 kwa leseni ya gari, awe na namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN), na awe amepata mafunzo. Askari wa Usalama Barabarani humpima na kumpa hati ya umahiri akifaulu, kisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hupokea malipo, huchukua picha, saini na alama za vidole, na kutoa leseni.

Anayejifunza kwa ajili ya gari lake binafsi kwa kawaida huomba leseni ya daraja D. Anayetaka kuendesha magari ya abiria huhitaji daraja C, na huyo hutakiwa kuwa na cheti cha mafunzo kutoka taasisi kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) au Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Ni vyema mwanafunzi ajue daraja analolitaka kabla ya kulipa ada yoyote.

Hesabu ya saa

Chukulia mfano wa vyuo viwili. Cha kwanza kinatoza Sh150,000 kwa wiki tatu, siku tano kwa wiki, saa moja kila siku. Cha pili kinatoza Sh240,000 kwa saa 15, na katika saa hizo mwanafunzi ndiye anayeendesha. Kwa haraka, cha kwanza kinaonekana nafuu kwa Sh90,000.

Lakini katika chuo cha kwanza gari hubeba wanafunzi wanne kwa pamoja, nao hupokezana. Kila mmoja huendesha kwa dakika 15 kwa siku. Kwa siku 15 atakuwa ameendesha dakika 225 tu, yaani saa tatu na dakika 45. Amelipa Sh40,000 kwa kila saa ya usukani, wakati mwenzake wa chuo cha pili amelipa Sh16,000.

Ni kweli kwamba anayekaa kiti cha nyuma hujifunza kwa kutazama makosa ya wenzake. Lakini mguu haujifunzi klachi kwa kutazama. Kuondoa gari kwenye mwinuko bila kuzima wala kurudi nyuma ni jambo linalotaka kurudiwa mara nyingi, hadi mwili ulizoee.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa chuo chochote liwe hili: nitaendesha kwa saa ngapi, na tutakuwa wangapi ndani ya gari? Jibu liandikwe kwenye stakabadhi au fomu ya kujiunga. Aidha, mwanafunzi aulize iwapo ada hiyo inajumuisha mafuta, kitabu cha alama za barabarani, gari la kufanyia mtihani, na kurudia mtihani endapo atashindwa.

Kumchagua mwalimu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika udereva msemo huo haufai kufuatwa. Mwalimu mbaya humwachia mwanafunzi tabia ambazo huchukua miaka kuziondoa.

Dalili ya kwanza ni gari lenyewe. Gari la kufundishia linapaswa kuwa na herufi L mbele na nyuma, bima iliyo hai, tairi zisizo vipara na, muhimu kuliko yote, pedali ya breki upande wa mwalimu. Bila breki hiyo, mwalimu hubakiwa na kupiga kelele na kuvuta breki ya mkono pale mwanafunzi anapokosea.

Dalili ya pili ni mpangilio wa masomo. Mwalimu makini huanza na alama na sheria za barabarani, huhamia kiwanja cha wazi, kisha mitaa yenye magari machache, na mwishoni huingia barabara kuu. Anayempeleka mwanafunzi kwenye foleni ya Kariakoo siku ya kwanza hamfundishi ujasiri, anamfundisha woga.

Kwa upande mwingine, anayemaliza mafunzo bila kutoka kiwanjani naye amepunjwa. Dereva wa Dar es Salaam atakutana na kipilefti, bodaboda inayopita kushoto, daladala inayosimama ghafla, na Barabara ya Morogoro ambako njia za katikati ni za mabasi yaendayo haraka pekee tangu mwaka 2016. Hayo yote anapaswa kukutana nayo akiwa bado na mwalimu pembeni.

Dalili ya tatu ni mwenendo. Mwalimu anayezungumza na simu wakati wa somo, anayetukana, anayetoa maneno ya kejeli kwa wanafunzi wa kike au kuwashika isivyostahili, hafai hata kama ni hodari wa kuendesha. Mwanafunzi ana haki ya kuomba abadilishiwe mwalimu, na chuo kinachokataa kinajieleza chenyewe.

Wapo wanaofundishwa na mjomba au kaka kwa gari la nyumbani ili kupunguza gharama. Mazoezi hayo yanasaidia iwapo mwanafunzi ana leseni ya muda, gari lina herufi L, na anayekaa pembeni ana leseni halali. Lakini yanafaa kuongeza saa za mazoezi tu. Gari la nyumbani halina breki ya pili, na mara nyingi ndugu hurithisha makosa yake mwenyewe.

Njia ya mkato

Wengine huahidiwa leseni bila kugusa usukani, kwa malipo ya mkupuo. Ahadi hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Anayenunua karatasi hiyo anashiriki kosa la jinai, na siku ya ajali kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa endapo itabainika kwamba leseni si halali.

Hasara kubwa zaidi haipimwi kwa fedha. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, watu takriban milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka mitano hadi 29. Wengi wa wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki.

Mtoto anayevuka kwenye pundamilia akienda shule hana njia ya kujua kama dereva anayekuja alifundishwa kwa saa 15 au kwa tatu. Anayejua ni dereva mwenyewe, na wakati wa kulitengeneza jambo hilo ni kabla hajalipa ada ya chuo.